*NENO LA TAWI: Tubane Matumizi, Lakini Bomba Kubwa Lizibwe Kwanza*

Ndugu wanachama, ndugu wapenzi wa chama, na ninyi wakazi wote wa mtaa wetu mnaopokea ujumbe huu bila kujali itikadi,



Neno la Tawi safari hii linahusu umeme na maji. Tunajua mmeshachoka kuambiwa "tumieni kwa uangalifu". Kila ukame ukija tunaambiwa hivyo, na kila mgao ukitangazwa tunaambiwa hivyo tena. Tawi linaunga mkono kubana matumizi. Ila tunauliza swali ambalo matangazo hayo hulirukia: shirika linalotuuzia umeme na mamlaka inayotuuzia maji wanatusaidiaje sisi kubana? Kuhimiza ni kitu kimoja, na kusaidia ni kitu kingine.

Someni hadi mwisho, kwa sababu kuna hesabu inayogusa mfuko wa kila mpangaji, na kuna kazi tunayoomba kila nyumba iifanye.

*1. Maji na umeme ni kitu kimoja*

Jiji la Dar es Salaam linategemea zaidi Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Ule wa Ruvu Juu, Mlandizi, una uwezo wa lita milioni 196. Maji hayo hayatembei yenyewe kuja mjini. Yanasukumwa na pampu, na pampu zinakula umeme. Ndiyo maana umeme ukikatika mitamboni, saa chache baadaye koki ya Kimara inatoa hewa.

Kuinua uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, kwa kimo cha mita 100 kunahitaji zaidi ya robo ya uniti ya umeme, na hapo bado hujahesabu hasara ya pampu na msuguano wa bomba. Kwa hiyo maji yanayomwagika barabarani yamemwagika pamoja na umeme uliyoyaleta, dawa iliyoyasafisha na mshahara wa aliyeyasukuma. Hasara hiyo huingia kwenye gharama za uendeshaji, na gharama za uendeshaji ndizo zinazoangaliwa EWURA inapopanga bei. Mwisho wa safari inakufikia wewe.

Hatujasahau Oktoba na Novemba 2022. Mvua zilichelewa, Ruvu ikapungua, DAWASA ikatangaza ratiba ya mgao, na visima vya Kigamboni vikaingizwa kwenye mfumo kusaidia. Aliyekuwa na simtanki kubwa alipumua. Aliyekuwa na ndoo mbili alinunua maji ya mkokoteni kwa bei ya siku hiyo. Bwawa la Kidunda linajengwa ili mto uwe na akiba, na tunalitakia heri. Lakini bwawa likijaa na mabomba yakaendelea kuvuja, tutakuwa tumejaza gunia lililotoboka.

*2. Nani anapoteza zaidi?*

Watu wa maji wana msemo wao, "maji yasiyoleta mapato". Ni maji yaliyozalishwa na kusukumwa, lakini hayakulipiwa. Mengine yamevuja, mengine yameibwa, mengine yamepita kwenye dira mbovu. Kigezo cha EWURA ni kwamba yasizidi asilimia 20. Ripoti zake za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa kwa wastani mamlaka za maji nchini hupoteza zaidi ya theluthi moja.

Maana yake ni rahisi. Katika kila ndoo tatu zinazotoka mtamboni, moja haifiki kwenye hesabu. Hakuna mama wa nyumbani anayeweza kuokoa kiasi hicho kwa kuoshea vyombo kwenye beseni. Mtu mmoja akifunga koki akipiga mswaki, amefanya vema. Bomba kubwa likimwaga kwa siku tano kabla ya fundi kufika, wema wa mtaa mzima umefutwa.

Hili linawezekana kurekebishwa, na mifano ipo. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, mwaka 1993 ulikuwa ukipoteza karibu asilimia 72 ya maji yake. Nchi ilikuwa imetoka vitani, mabomba yameoza, na wakubwa hawalipi. Mkurugenzi Ek Sonn Chan alianza na mambo ya kawaida kabisa: dira kwa kila mteja, wakubwa wakiwemo, timu za kuziba mivujo zinazofanya kazi usiku na mchana, na wafanyakazi wanaopimwa kwa matokeo. Kufikia 2008 upotevu ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10. Walioanza kubana matumizi pale ni mamlaka yenyewe, na wananchi walipoona hivyo wakalipa bili zao.

Cape Town nayo ina somo lake. Mwaka 2018 mabwawa yalipokaribia kukauka, kila mtu aliwekewa ukomo wa lita 50 kwa siku. Jiji lilichapisha hali ya mabwawa kila wiki na kupunguza presha kwenye mabomba ili mivujo ipungue. Matumizi yalishuka hadi karibu nusu ya yale ya miaka mitatu nyuma. Watu walibana kwa sababu walioneshwa namba. Lakini kosa walilolifanya nalo tulijue. Nyumba nyingi za wanyonge zilifungiwa kifaa kinachokata maji zikifika lita 350 kwa siku kwa kiwanja, wakati kiwanja kimoja kilikuwa na familia kadhaa zimejibanza uani. Sheria iliyohesabu kiwanja badala ya watu iliwaumiza wenye watu wengi.

Shikeni hapo, maana kosa la aina hiyo hiyo lipo kwetu, kwenye umeme.

*3. Hesabu ya mpangaji*

Kwa viwango vilivyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa majumbani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa daraja la D1 na hulipa shilingi 100 kwa uniti. Anayezidi hapo huwekwa T1 na hulipa shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. D1 inakuwa shilingi 122 na T1 inakuwa karibu shilingi 356. Ndiyo maana wa D1 anapata uniti 75 kwa shilingi 9,150, wakati wa T1 akitaka uniti hizo hizo anatoa zaidi ya shilingi 26,700.

Nia ya D1 ni njema: kumlinda mwenye kipato kidogo na kumzawadia anayebana. Tatizo ni kwamba hesabu inafanywa kwa mita, haifanywi kwa familia.

Chukueni nyumba yetu ya kawaida, vyumba sita, familia sita, mita moja. Kila familia ina taa mbili, redio au televisheni, feni na chaji za simu. Tuseme kila moja inatumia uniti 25 kwa mwezi. Hao ni wabanaji hasa, theluthi tu ya kile D1 inachoruhusu. Lakini mita inasoma uniti 150. Nyumba inaingia T1. Bili inakuwa shilingi 53,400, kila familia inachanga shilingi 8,900. Kila familia ingekuwa na mita yake, ingelipa shilingi 3,050.

Tofauti ni shilingi 5,850 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 70,200. Hiyo ni sare ya shule na madaftari. Ni bima ya mtoto. Inatoka kwa mama ntilie na bodaboda, wakati kijana anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye mita yake, akitumia uniti 70, analipa shilingi 122 kwa uniti.

Zaidi ya hapo, mita ya pamoja inaua moyo wa kubana. Ukizima taa, faida inagawanywa kwa sita. Jirani akiacha pasi kwenye umeme, hasara inagawanywa kwa sita. Ndipo ugomvi wa LUKU unapozaliwa: nani ana friji, nani anapika kwa umeme, nani hajachanga. Wajumbe wetu wa usuluhishi wanajua ni kesi ngapi za wapangaji zinaanzia hapo.

Kuna watakaosema: basi kila mpangaji avute mita yake. Mjini gharama ya kuunganishwa njia moja, kwa aliye karibu na nguzo ndani ya mita 30, imekuwa shilingi 320,960. Kwa akiba ya shilingi 5,850 kwa mwezi, mpangaji atairudisha fedha hiyo baada ya miaka minne na nusu. Nani anakaa chumba kimoja miaka minne na nusu? Na mwenye nyumba naye, kwa nini atoe fedha yake wakati bili inalipwa na wapangaji?

Hapa ndipo shirika linapoweza kusaidia kweli. Mita ifungwe kwanza, gharama ikatwe kidogo kidogo kupitia LUKU. Njia ya kukata ipo: kodi ya jengo inakatwa humo humo, na madeni ya zamani hukatwa humo humo. Makato ya shilingi 5,000 kwa mwezi yangelipa mita ndani ya miezi 65, na familia ingebaki bado na unafuu kidogo tangu mwezi wa kwanza. Deni likae kwenye mita, si kwa mtu. Mpangaji akihama, anayeingia anaendelea.

Tunajua hofu ya upande wa pili, na ni ya haki. Wapo wenye nyumba kubwa waliovuta mita mbili tatu ili kugawa matumizi na kujificha D1. Dawa ya huyo ni ukaguzi. Serikali ya mtaa ina daftari la wakazi, inajua nyumba ipi ina familia sita na ipi ina tajiri mmoja mwenye viyoyozi sita. Isaidiane na shirika. Mdanganyifu mmoja asiwe sababu ya kuwaadhibu wabanaji sita.

*4. "Umeme sasa upo, tubane wa nini?"*

Swali hili tumeulizwa na wanachama kadhaa. Ni kweli, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulipoanza kuzalisha Februari 2024 mgao ulipungua sana. Hata hivyo tuna majibu mawili.

La kwanza, bwawa linaweka maji, haliundi mvua. Tukiwa wategemezi wa mito, mwaka wa ukame utarudi tu.

La pili ni kwamba kubana maana yake si kukaa gizani. Ni kupata kazi ile ile kwa umeme mdogo zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Sasa familia ya D1 inayotumia uniti 60 ikianza kupika kwa umeme na kuongeza uniti 30, inafika 90. Zile 15 za juu ya 75 zinauzwa shilingi 350 kabla ya kodi, na ikiendelea hivyo mfululizo inahamishiwa T1. Kwa T1, uniti 90 ni zaidi ya shilingi 32,000. Mama akipiga hesabu hiyo atarudi kwenye mkaa, na hatuwezi kumlaumu. Serikali haiwezi kumwambia mtu apike kwa umeme kwa mkono mmoja na kumpandishia daraja kwa mkono mwingine. Ukomo wa D1 uangaliwe upya kwa familia zinazopika kwa umeme. Hili tunalipeleka kwa mbunge na diwani wetu kwa maandishi.

*5. Yale tunayoyaweza wenyewe*

Tusiwe watu wa kudai tu. Haya yako mikononi mwetu kuanzia leo:

(a) *Pima dira yako usiku.* Kabla ya kulala funga koki zote, andika namba za dira. Asubuhi, kabla ya mtu kuchota, soma tena. Ikiwa imesogea, unavujisha ndani ya nyumba. Anza kuangalia tanki la choo na boya la simtanki.

(b) *Pima tone.* Kinga kikombe cha robo lita chini ya koki inayodondosha. Kikijaa kwa dakika 10, hizo ni lita 36 kwa siku, zaidi ya uniti nzima ya maji kwa mwezi. Mpira wa koki ni bei ndogo kuliko hapo.

(c) *Badili balbu.* Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 inakula chini ya uniti moja na nusu, na mwanga ni ule ule.

(d) *Piga pasi mara moja kwa wiki.* Pasi ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa ikiwa moto wakati wote. Kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja ni kupasha chuma bure.

(e) *Maharage kwa jiko la presha la umeme.* Likishapata presha hujikata lenyewe na kubaki na joto. Ni tofauti kabisa na jiko la koili linalowaka saa mbili.

(f) *Angalia daraja lako.* Soma stakabadhi ya LUKU. Ukiondoa kodi ya jengo, shilingi 10,000 ikikupa uniti kama 28, uko T1. Kama matumizi yako ni ya chini ya 75 miezi yote, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako ukaombe kurekebishiwa. Ni haki yako, haihitaji kishoka wala "chai".

(g) *Tuache kuiba.* Tunasema hili kwa uchungu. Anayepitisha waya nyuma ya mita na anayetoboa bomba usiku anamwibia jirani yake, kwa sababu hasara hiyo inarudi kwenye bei ya wote. Tawi halitamtetea mwanachama yeyote atakayekamatwa, hata akiwa kiongozi.

*6. Tunachodai*

Kwa heshima, tunaziomba mamlaka husika mambo manne:

*Moja,* mita za mkopo kwa nyumba za wapangaji, kama tulivyoeleza.

*Mbili,* stakabadhi ya LUKU izungumze. Mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, mita zote za LUKU zilipaswa kubadilishwa mfumo. Mteja alinunua umeme na kupewa tokeni mbili za ziada pamoja na ya uniti zake, akaambiwa aziingize kwa mpangilio. Kazi ikafanyika nchi nzima. Kwa hiyo njia ya kumfikia kila mteja ipo. Kupitia njia hiyo hiyo mteja aambiwe: mwezi huu umeshanunua uniti ngapi, mwezi uliopita ulitumia ngapi, zimebaki ngapi kufika 75.

*Tatu,* mivujo iwekwe hadharani. Kila mwezi ofisi ya maji itoe kwa kila mtaa namba tatu: mivujo iliyoripotiwa, iliyozibwa, na muda uliotumika. Karatasi ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Anayeripoti apewe namba ya kumbukumbu ili asianze upya kila akipiga simu.

*Nne,* mgao ukilazimika, ratiba itoke mapema na ifuatwe. Mtu akijua maji yanatoka Jumanne usiku atachota yanayomtosha. Asipojua, anajaza kila chombo, na yakirudi anamwaga ya zamani. Ratiba isiyoaminika nayo inapoteza maji.

Mamlaka zikikaa kimya, tutapeleka suala letu kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, lile linaloitwa EWURA CCC, ambalo liko kisheria kwa ajili yetu, na kisha EWURA yenyewe. Tutafuata ngazi, tutatumia karatasi, na hatutatukana mtu. Fundi anayekuja kuziba bomba saa nane usiku ni ndugu yetu na anastahili maji ya kunywa na asante.

*7. Kazi ya wiki mbili*

Madai bila takwimu ni kelele. Kwa hiyo tunaomba kila nyumba imteue mtu mmoja aandike mambo matano: idadi ya vyumba, idadi ya familia, idadi ya mita za umeme, uniti zilizonunuliwa mwezi uliopita, na kama dira ya maji ilisogea kwenye kipimo cha usiku. Msiandike majina wala namba za mita kwenye kundi hili. Mpeni mjumbe wa tawi aliye karibu nanyi kwenye karatasi. Wasio wanachama nao waandikwe, maana bomba halina kadi ya chama.

Karatasi hizo zitajumlishwa na kusomwa kwenye mkutano ujao wa tawi mbele ya wote, kisha nakala zitapelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa diwani, na kwenye ofisi za umeme na maji za eneo letu. Majibu tutakayopewa tutayaleta hapa hapa, hata yakiwa ya kutukataa.

Haba na haba hujaza kibaba. Wazee walisema hivyo wakijua kibaba chenyewe hakijatoboka. Sisi tutaleta haba zetu. Wenye bomba kubwa nao walizibe.

Wasambazieni majirani.

*Imetolewa na Idara ya Itikadi na Uenezi,*
*kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi*